Mbuzi wa Siku ya Pili

Kwetu Krismasi ilisaliwa tarehe ishirini na tano ikaliwa tarehe ishirini na sita. Baba alikuwa mlinzi katika kambi moja nje ya mji, na ulinzi una ubaya wake: sikukuu ya wengine ndiyo siku yako ya kusimama getini. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao alikuwa nyumbani asubuhi ya Krismasi. Tulikwenda kanisani na Mama, tukaimba mpaka sauti zikakauka, tukarudi tukala chapati na maharagwe, tukaambiwa tutulie. Mbuzi alikuwa nyuma ya jikoni, amefungwa kwenye mwarobaini, anatafuna maganda ya viazi. Hakuna aliyemgusa. Kesho yake asubuhi Baba aliingia na viatu vyenye vumbi, akavua kofia akaitundika kwenye msumari, na hapo ndipo Krismasi yetu ilianza. Wengine waliiita siku hiyo Boksing Dei. Sisi tuliiita siku ya pili, na mtu wa nyumbani alijua ni ya pili ya nini.

Siku hizi serikali imeipa jina jingine, na sina ugomvi na serikali. Jina ni lao, mbuzi alikuwa wetu.

Baba hakuchinja. Aliyechinja ni jirani yetu, Msomali ambaye babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Wazungu, vita vikaisha, akaambiwa akae hapa, akakaa. Yeye mwenyewe alikuwa na lori. Alipeleka unga na sukari hadi Sericho na kurudi na mbuzi waliolia njia nzima. Asubuhi ya siku ya pili alipita kwenye pengo la ua lililokuwa kati ya kwake na kwetu, kisu kimefungwa kwa kitambaa, akasema salaam aleikum, na Mama, Mmeru wa kanisa tangu utotoni, akajibu aleikum salaam bila kufikiri. Sababu ya yeye kuchinja ilikuwa rahisi. Akichinja yeye, nyumba zote mbili zinakula. Akichinja Baba, inakula moja. Jambo hilo halikuhitaji kikao wala mafundisho. Sisi watoto tulilijua kabla ya kujua kusoma.

Na mbuzi huyo alikuwa wa kungojwa. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara na Baba akakwama upande wa pili wa mto. Mwenye lori alikuja asubuhi kama kawaida, akaketi kwenye kiti cha Baba, kisu mapajani, akangoja. Aliletewa chai, akangoja. Alikwenda kuswali akarudi akangoja. Mama alimwambia achinje tu ili watoto wapate kula, na yeye akasema watoto hawajafa njaa. Baba alifika jua likiwa linazama, suruali imelowa mpaka mapajani, na ndipo mbuzi akachinjwa. Tulikula gizani tukiwa na usingizi, na sijala nyama tamu kama ile tangu hapo.

Mke wa mwenye lori tulimwita Habaryar, jina ambalo watoto wa dada zake walimwita, maana yake mama mdogo. Yeye na Mama waliitana abaayo, yaani dada, na sijawahi kusikia mmoja akimwita mwenzake kwa jina lake. Siku ya pili, baada ya wanaume kula, na watoto kula, na yeyote aliyepita akanusa akaingia naye kula, wanawake hao wawili waliingia jikoni na sinia moja, wakakaa chini kwenye mkeka wakanyoosha miguu. Mlango ulirudishwa. Mama alisukuma mbavu upande wa Habaryar, Habaryar akazirudisha, Mama akazisukuma tena, na wakagombana juu ya mbavu hizo kila mwaka kana kwamba hawajawahi kuzigombania. Sisi tulichungulia dirishani tukingoja mabaki, na mara nyingi hatukupata kitu, kwa maana walipomaliza kugombana walikula vizuri. Waliteta sana pia. Nadhani mambo yote niliyoyafanya nikidhani hakuna ayajuaye yalipita kwenye sinia lile.

Baba alikufa. Mwenye lori naye akafa miaka michache baadaye. Hakukuwa tena na mtu wa kungojwa kutoka kazini, na tungeweza kabisa kula mbuzi wetu tarehe ishirini na tano kama Wakristo wengine, lakini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mwana wa Habaryar alirithi lori na kisu. Alipita kwenye pengo lile lile, mbuzi akachinjwa, sinia likaingia jikoni.

Mama alikufa Januari, wiki chache baada ya siku ya pili ninayotaka kuieleza. Saratani ya koo ilikuwa imemshika mwaka mzima, na ilimshika pabaya, kwa sababu Mama alikuwa mtu wa kula na kulisha. Kwanza ilimkataza nyama, halafu githeri, halafu ugali. Kufikia Novemba alikuwa anaishi kwa uji mwepesi na maziwa, na siku nyingine hata maziwa yalirudi. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Nashona sare za shule sokoni, na mwezi huo nilihamishia cherehani nyumbani ili nimsikie akikohoa. Alikuwa amekonda hata nikimgeuza kitandani naogopa nitamvunja.

Hakuomba mengi. Hakuomba maombi zaidi ya yale aliyoletewa, wala hospitali nyingine. Aliomba afike siku ya pili akae na abaayo wake kwenye sinia. Alisema hata kama ni supu kidogo tu, ataimezea pale. Nilimwambia atafika. Habaryar naye alimwambia atafika, na hakuishia kusema. Alikwenda mwenyewe soko la mifugo, na miguu yake ile inayovimba, akapapasa migongo ya mbuzi mpaka wauzaji wakamchoka, akarudi na mbuzi mweupe kwa kamba. Alituletea mapema ili anenepe. Kila asubuhi Mama aliniuliza mbuzi ameamkaje, nami nilianza kumlinda mnyama yule kwa wasiwasi wa kipumbavu, nikimpa maji kabla sijanywa chai yangu, kana kwamba akifika yeye, Mama pia atafika.

Kaka yangu mkubwa alikuja jioni ya tarehe ishirini na nne. Anaishi Nakuru tangu alipopata kazi, ameoa huko, na huja nyumbani na kreti za soda na mashauri. Lakini nisiwe mchoyo. Alimpenda Mama. Alipomwona pale kitandani alitoka nje akasimama nyuma ya choo kwa muda, akarudi na macho mekundu, akasema vumbi la Isiolo limezidi. Siku ya Krismasi alikaa naye kutwa akimpepea kwa kipande cha katoni, nami nikapata nafasi ya kwenda kanisani na kulia nitakavyo kwenye benchi la nyuma.

Asubuhi ya siku ya pili maji hayakuja. Mfereji wetu una siku zake na hiyo haikuwa mojawapo, kwa hiyo nilichukua mkokoteni na mitungi niende kibandani kununua. Mama alikuwa ameamka. Alinisikia nikitafuta viatu akasema leo anataka supu. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kweli, sura ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki nyingi. Kaka yangu alikuwa kando yake na alisikia. Mimi nilikwenda kwenye foleni nikiwa na furaha, na foleni ilikuwa ndefu, kwa kuwa sikukuu haimzuii mtu kutaka kuoga.

Mwana wa Habaryar alikuwa Kulamawe. Alikuwa ameshusha mzigo wa duka huko jana yake, na alfajiri alipiga simu kusema ameshaanza safari, atafika kabla ya adhuhuri. Kila mtu alijua tunamngoja. Kaka yangu pia alijua.

Niliporudi mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye mwarobaini, ameshachunwa. Ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya ua. Sufuria ilikuwa mekoni, na kaka yangu, mikono ya shati ameikunja, alikuwa anaengua povu huku anapiga mluzi. Aliniambia amefanya haraka ili Mama apate supu kabla hamu haijamtoka. Alisema ametia shingo na mifupa ya miguu, ndiyo yenye nguvu. Nilimuuliza nani amechinja.

"Mimi," akasema. "Kwani ni kazi kubwa?"

Ningependa kuandika kwamba alikuwa amesahau, lakini jambo kama hilo mtu halisahau. Ila huko anakoishi kila mwenye nyumba huchinja mbuzi wake mwenyewe, naye amefanya hivyo Krismasi nyingi mpaka mkono umezoea. Alisikia Mama anataka supu, akaona mbuzi, akaona kisu. Hakufikiri zaidi ya hapo. Angeweza kutoka barabarani akamwita Mwislamu yeyote anayepita. Isiolo hawakosekani, na hakuna ambaye angekataa kumchinjia mgonjwa. Nilimwambia hayo yote kwa sauti ya chini ili Mama asisikie, na maneno ya sauti ya chini huuma zaidi. Nilimwambia ametupikia nyama ya nyumba moja. Alisimama na mwiko mkononi, na nikaona uso wake ukibadilika alipoelewa. Hapo sikuwa na haja ya kuongeza neno. Niliongeza hata hivyo.

Habaryar aliingia kwa lile pengo kabla hatujamaliza. Alikuwa amevaa dera lake la sikukuu, amebeba sahani iliyofunikwa ya anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chupa ya chai ya viungo. Aliona ngozi kwanza. Aliitazama, akautazama mti, akaitazama mikono ya kaka yangu. Niliona ameelewa, nikangoja aseme kitu. Alitusalimia kama siku zote, akamuuliza kaka yangu habari za safari na za watoto, akaniuliza mgonjwa ameamkaje. Kisha akavua viatu mlangoni akaingia kwa Mama.

Baadaye kidogo mwanawe naye alifika, amejaa vumbi la Kulamawe mpaka kwenye kope, kisu kwenye kitambaa. Hakufungua kile kitambaa. Alikiweka juu ya kiti cha lori, akarudi akakaa na kaka yangu kivulini, akaanza kumsimulia habari za springi iliyokatika njiani. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya springi hiyo, kwa sababu iliwapa cha kuzungumza.

Lakini kaka yangu hakuweza kutulia. Alisema ataenda kutafuta mbuzi mwingine, hata kama ni mpaka Gotu. Kisha akasema ataleta nyama ya buchari, buchari za mjini zinachinjiwa na Waislamu, anarudi sasa hivi. Alikuwa ameshashika funguo za gari. Nyumba yetu ni ya mabati na maneno hayana pa kujificha. Mama aliniita akaniuliza kuna nini, nami nikamweleza, maana hakuna aliyewahi kumdanganya Mama akafaulu. Alisema yule ndiye aliyekuwa mbuzi wa leo, hakuna mwingine, na kwamba hakumwalika mtu miaka yote hii aje ale nyama iliyotundikwa dukani. Akasema kaka yangu aache kuchezacheza na funguo, zinamuumiza kichwa.

Jikoni Mama asingefika. Nilitandika mkeka kando ya kitanda, nikaweka sinia juu yake, na ndani yake wali mtupu na anjera za Habaryar. Mama tulimwegemeza kwa mito. Habaryar alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Kisha kaka yangu akaingia na supu. Alikuwa ameichuja kwa kitambaa mpaka haina hata chembe, ameipoza, ameileta kwa mikono miwili kwenye bakuli. Mama aliitazama. Akalitazama sinia. Akageuza uso kuelekea ukutani.

"Kama yeye hawezi kula, hata mimi sitakula."

Alisema kwa upole. Kaka yangu alibaki amesimama na bakuli lake. Mtu mzima, mwenye watoto wa chuo, na mvi zimeanza kumwota masikioni, na alikuwa hajui aende mbele au nyuma. Nilikuwa nimemkasirikia tangu asubuhi, na hapo hasira yote ikanitoka, nikabaki na uchungu ambao sikuujua jina. Niliona kwamba Mama atakufa akiwa ameikataa supu ya mwanawe, na kwamba kaka yangu ataishi na jambo hilo, na hakuna siku ya pili nyingine itakayokuja wapatane. Na Mama alikuwa na njaa. Tulijua sote ana njaa. Tangu jana yake hakuwa amemeza kitu ila maji.

Habaryar alinyoosha mkono akalipokea lile bakuli.

Sijui nielezeje hilo ili mtu wa mbali alione lilivyokuwa. Nyumbani kwake mwiko uliogusa nyama ya namna ile haungerudi kwenye sufuria yake. Yeye alilipakata bakuli, akachota kijiko. Kuonja hangeweza, kwa hiyo ili ajue kama supu ni ya moto alijidondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, wanavyofanya akina mama wenye watoto wachanga. Akangoja kidogo. Akaridhika.

"Abaayo, geuka," akasema. "Hii supu ni mtoto yako amekupikia. Mimi niko na anjera yangu. Tunakula pamoja."

Akasema bismillahi kwa niaba ya Mama, akapeleka kijiko.

Mama aligeuka, akafungua kinywa. Kumeza kulikuwa kazi. Tuliona koo likipanda na kushuka, uso umekunjamana, halafu ikapita. Habaryar akamega anjera kwa mkono mwingine akala, ili iwe kweli wanakula. Kijiko kwa Mama, kipande kwake. Waliendelea hivyo bila kuteta mtu yeyote. Wakati mmoja Mama aliinua mkono wake mwembamba akausukuma mkono wa Habaryar uliokuwa na anjera, umwelekee mwenyewe, ale zaidi, na Habaryar akakataa, na Mama akatabasamu. Ndilo tabasamu lake la mwisho ninalolikumbuka. Kaka yangu hakuliona. Alikuwa ametoka mara Mama alipogeuka, na nilimsikia nje anapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Halafu Mama akakohoa. Supu ikarudi, karibu yote, kwenye mtandio ambao Habaryar alikuwa ameuvua na kumtandazia kifuani. Akampangusa. Akajaribu tena kwa ncha ya kijiko, ikarudi tena, na safari hii ilikuwa na damu kidogo. Mama hakuwa anakataa tena. Ni koo lililokataa. Alimshika Habaryar vidole, akatikisa kichwa, akafumba macho, na baada ya muda akalala, mkono ukiwa bado haujaachia.

Habaryar aliutoa mkono wake taratibu. Alinipa bakuli, akaukunja mtandio uchafu uwe ndani, akatoka kwenda kunawa. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni. Kaka yangu alipomwona aliliacha shoka, akachukua jagi akaja kummwagia maji, kama tulivyofundishwa kumwagia mkubwa. Habaryar alinawa muda mrefu, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa na povu. Kaka yangu hakuthubutu kumuuliza. Alimwaga maji tu, macho yake kwenye mikono ile. Habaryar alipomaliza alikung'uta vidole, akamtazama usoni.

"Amekunywa yote," akamwambia. "Amemaliza. Hiyo supu yako ilikuwa tamu."

Kaka yangu alikaa chini pale pale, kwenye tope la maji ya kunawa, na suruali yake ya sikukuu, akalia kama ambavyo hakulia hata tulipomzika Baba. Habaryar alimwekea mkono wenye maji juu ya kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli, na lilikuwa limejaa karibu kama lilivyoingia. Nilirudi nalo ndani kabla kaka yangu hajainua uso.